TV ya Bibi: ya kwanza ilivunjika, ya pili ilikaa kiti cha dirishani

Wiki iliyopita kwenye podikasti tuliulizana ni kitu gani kikubwa kuliko vyote umewahi kukipakia kwenye ndege kwenda nyumbani. Majibu mmeyasikia. Mmoja alibeba cherehani, mwingine akabeba mlango. Mlango jamani! Mimi nikataja TV, tukacheka, tukapita. Lakini tangu kipindi kitoke, meseji zilizoingia kwa wingi kuliko zote ni za swali moja: "Dada, nataka kumpelekea Nyanya TV mwezi wa nane, nifanyeje isivunjike?"

Basi leo naandika yote. Ni marefu kidogo, manake kwenye kipindi sikusema kila kitu. Niliwaambia TV yetu ya kwanza ilivunjika. Sikuwaambia ilivunjwa na nini.

Kwanza, kwa nini TV

Bibi yangu anaishi Tanga, mitaa ya Ngamiani. Mama aliondoka pale akiwa msichana, mimi nikazaliwa Reading. Kila Jumapili mchana tunapiga simu ya video. Miaka yote Bibi alikuwa anaishika simu ya Mjomba karibu kabisa na uso, sisi tunaona tundu moja la pua na pembe ya kanga, na maisha yanaendelea.

Halafu macho yakaanza. Mtoto wa jicho. Jicho la kulia alifanyiwa upasuaji, la kushoto daktari akasema lisubiri. Kwenye simu akawa anaona, kwa maneno yake mwenyewe, "vivuli vinavyosema." Akawa anatutambua kwa sauti. Jumapili moja mdogo wangu alikuwa na mafua, sauti imekauka, Bibi akauliza, "Na huyu kijana mgeni ni nani?" Mdogo wangu akacheka, akamjibu. Simu ilipokatika akaenda chumbani akafunga mlango.

Jioni hiyohiyo Mama akaamua: Bibi apelekewe TV, simu iunganishwe nayo, atuone wakubwa.

Sasa najua unachotaka kuuliza. Mbona msinunue hukohuko? Swali la haki kabisa. Kariakoo TV zimejaa, Tanga mjini zipo, unapata waranti ya palepale, na mwenye duka anakuja kukufungia ukutani. Kama unaweza kununua huko, nunua huko, funga ukurasa huu, kapike chai. Sisi hela ya TV tulishaituma. Ikawa bati. Paa la jikoni lilikuwa linavuja, Mjomba akaomba ruhusa, nani angekataa? Tukatuma tena, ikawa ada ya binamu yangu. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyedanganya. Ila hela ikifika nyumbani inazikuta shida zimeshapanga foleni. TV ikifika ni TV.

Desemba 2022

Tulinunua inchi 43, kwa sababu ilikuwa na punguzo na kwa sababu hatukujua kupima. Ngoja tufanye hesabu ambayo sisi hatukuifanya.

Inchi za TV zinapimwa kona kwa kona, kioo peke yake. Inchi 43 maana yake kioo cha upana wa sentimita 95 hivi na kimo cha 54. Weka fremu, weka yale mapande meupe mepesi ya kukinga, weka boksi. Letu lilikuwa 106 kwa 66 kwa 14. Mashirika mengi ya ndege yanajumlisha urefu, upana na kina, na mzigo wa kawaida haupaswi kuzidi sentimita 158. Letu lilifika 186. Kwa uzito tulikuwa salama: tiketi nyingi za daraja la kawaida zinaruhusu kilo 23 kwa kipande, na kilo 32 ndio mwisho karibu kila uwanja, kwa ajili ya migongo ya wapakiaji. TV za siku hizi ni nyepesi. Zinazidi umbo, si kilo.

Kwenye kaunta wakapima kwa futi, wakatutoza cha ziada, wakabandika stika yenye picha ya glasi, wakanisogezea kikaratasi. "Saini hapa tu." Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, nyuma yetu familia yenye mapacha wanalia. Nikasaini.

Dar es Salaam TV ikatokea kwenye mkanda wa mizigo kama begi lolote, imelala chali, na sanduku la mtu juu yake. Boksi zima, kona zote nzuri. Tukashukuru, tukaondoka.

Tanga Mjomba akaichomeka, akawasha. Sauti safi. Picha, sasa. Kona ya chini kushoto palikuwa na doa jeusi kama wino uliomwagika, na kutoka hapo mistari imetawanyika kama utando wa buibui mpaka upande wa pili. Ukipitisha kidole juu ya kioo, laini, hakuna kitu. Ufa ulikuwa ndani.

Bibi hakuona vizuri kilichotokea, ila alisikia tulivyonyamaza. Akasema, "Pole, mjukuu wangu. Kitu cha kioo hicho." Akanyanyuka, akaleta kitambaa chake cha kufuma, kile cheupe cha sikukuu, akaifunika.

Kesho yake akaja fundi, kijana mstaarabu, akatueleza bila kuzunguka: kwenye TV hizi kioo ndio TV. Kukibadilisha kunakaribia bei ya kununua mpya. Akatoa ofa ya kuinunua kwa ajili ya vipuri, bodi ya umeme, bodi kuu, taa za nyuma, vyote vilikuwa vizima. Bibi akakataa. Mwaka na nusu ile TV ilikaa sebuleni imevaa kitambaa, na mgeni akiuliza anaambiwa, "Ya wajukuu hiyo, inasubiri fundi."

Siku saba

Tulirudi Uingereza tumekasirika, tukaandika malalamiko kwa shirika la ndege. Barua pepe ndefu, Kiingereza kizuri, picha sita. Jibu likaja haraka kuliko tulivyotarajia: mmechelewa.

Na kweli tulikuwa tumechelewa. Safari nyingi za kimataifa zinaongozwa na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999. Tanzania imo, Kenya imo, Uingereza, Marekani na Oman zote zimo. Mkataba unasema mzigo ulioharibika unaulalamikia kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu uupokee. Ukicheleweshwa ni siku 21. Mahakamani una miaka 2. Sisi tuliandika siku ya 11, kwa sababu tulikuwa likizo, tuko Pangani tunakula samaki, tunasema "tukirudi tutashughulikia." Usishughulikie ukirudi.

Lingine la kujua ni kiwango. Mkataba unaweka kikomo cha fidia ya mizigo kwa kila abiria, kwa kipimo cha fedha cha IMF kinachoitwa SDR. Kuanzia tarehe 28 Desemba 2024 kikomo ni SDR 1,519, kabla ya hapo kilikuwa 1,288. Hicho ni kikomo cha mizigo yako yote, usidhani ni zawadi unayopewa ukilalamika. Unalipwa hasara unayoweza kuithibitisha, ndio maana risiti ni muhimu. Kama kitu chako kina thamani zaidi, una haki ya kutangaza thamani yake maalumu pale unapokabidhi mzigo, na shirika linaweza kukutoza kwa hilo.

Na kile kikaratasi? Kilikuwa kinasema nakubali kwamba kitu ni dhaifu na nakisafirisha kwa hatari yangu. Watu wengi wanaamini ukisaini umekwisha. Si hivyo kabisa. Mkataba unabatilisha sharti lolote la kulifutia shirika dhima yake au kushusha kikomo. Lakini mkataba huohuo unasema shirika haliwajibiki kwa kadiri uharibifu umetokana na udhaifu au hali ya mzigo wenyewe. Kwa hiyo mvutano wote unaishia kwenye swali moja: ulikipakia vipi?

Hapo ndipo penye sehemu ambayo sikuisema hewani.

Chupa

Usiku ule Tanga, wengine walipolala, nilirudi sebuleni kukusanya maboksi. Ndani ya boksi la TV, kati ya kioo na lile pande jeupe la mbele, nilikuta pea nne za soksi, kanga mbili mpya, na chupa mbili za plastiki za dawa za magoti za Bibi. Chupa moja ilikuwa imeteleza mpaka kona ya chini kushoto.

Mama alikuwa amefungua boksi usiku wa kuamkia safari. Nafasi ilikuwepo, na mnawajua mama zetu na nafasi. Hakuna hewa inayosafiri bure.

Nilizitoa chupa, nikamwekea Bibi mezani asubuhi kana kwamba zilikuwa kwenye begi langu. Kwenye barua ya malalamiko niliandika kwamba TV ilisafirishwa ndani ya boksi lake la kiwandani kama ilivyonunuliwa. Nilijua si kweli wakati naandika. Huwa nawaza, kama tungewahi zile siku saba na wakatulipa, ningejisikiaje. Sijui. Nadhani ningezipokea tu, na hilo ndilo linalonisumbua.

Mama sikumwambia chochote mpaka mwezi wa sita 2024, tulipoamua kujaribu tena. Ilibidi. Nilimwona anaingia sebuleni na mfuko wa vitu vidogovidogo, nikajua unaelekea wapi. Nikamwambia. Alikaa kimya, akaukunja ule mfuko mara nyingi sana.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungelia, Mama."

"Sasa unafikiri nafanya nini?"

Nimemwomba ruhusa kabla ya kuandika haya. Akasema niandike, wenzetu wasije wakatia chupa.

Kioo kinavunjikaje

Ukielewa hili, mengine yote utayagundua mwenyewe. Ndani ya TV ya kawaida kuna karatasi mbili za glasi zilizobanana, na kila moja haifiki milimita moja ya unene. Hebu fikiria kioo kipana kama mlango wa kabati, na chembamba kiasi hicho. Kikisimama wima, kinajibeba kwa kingo zake, ni imara ajabu. Kikilala, katikati hakuna kitu kinachokishika. Kila gari la mizigo likiruka kibonde kinapinda kidogo, kinarudi, kinapinda. Mpaka hapo bado kinaweza kuvumilia. Sasa weka kitu kigumu kinachokigusa sehemu moja, halafu weka sanduku la kilo 23 juu yake.

Kwa hiyo adui zako ni wawili: kulala, na kubonyezwa mahali pamoja. Kulala huwezi kukuzuia kabisa, manake humpangii mtu wa mizigo. Mishale ya "juu huku" ni ombi tu. Kubonyezwa unaweza kukuzuia.

Julai 2024

Safari hii inchi 32. Kioo chake ni 71 kwa 40, boksi la kiwandani 79 kwa 51 kwa 13, jumla 143. Tuna sentimita 15 za kuchezea kabla ya kufika 158. Kila mtu atakushauri uweke boksi ndani ya boksi, na mto wa sentimita 5 kila upande, na kwa usalama ni ushauri mzuri. Lakini sentimita 5 kila upande zinaongeza 30 kwenye jumla. Ungefika 173, umeshatozwa. Ilibidi tuchague pa kunenepesha.

Tulichagua mbele na nyuma. Mjomba mwingine, huyu wa hapa Reading, ni fundi seremala. Alitukatia vipande viwili vya plywood nyembamba, milimita 4, sawasawa na uso wa boksi. Kimoja tukakiweka mbele ya boksi la kiwandani, kimoja nyuma, kwa nje. Si ndani! Ndani tuliyaacha yale mapande meupe kama kiwanda kilivyoyaweka, kwa sababu waliotengeneza ile TV wanajua wapi pashikwe na wapi pasiguswe: yanabana kingo tu, kioo chenyewe kinaelea. Juu ya mbao tukazungusha plastiki ya mapovu, halafu makaratasi magumu ya boksi jingine, kisha gundi ya utepe. Kona nane tukazivalisha vipande vya boksi vilivyokunjwa mara mbili. Tukapima: 151. Kilo 9.

Mama akaangalia mizani. "Zimebaki kilo kumi na nne."

"Zimebaki, Mama."

"Kumi na nne, mwanangu."

Ziliondoka zimebaki. Sijawahi kumwona akiumia vile kwa ajili ya nafasi.

Mengine madogo, nayapitisha haraka. Tuliiwasha usiku wa mwisho, tukapiga video ya picha ikiwa safi na simu yenye tarehe ya siku hiyo imeshikwa pembeni. Miguu ya TV na skrubu zake nilivitia kwenye mfuko, nikabeba kwenye begi la mkononi. Betri za rimoti nikazitoa. Kamera ndogo ya juu ya TV ikaenda kwenye begi la mkononi vilevile. Na ukiwa na pawabenki, hiyo haiingii kwenye mzigo wa chini hata kidogo, sheria ya kila shirika, kwa sababu betri za lithiamu zikishika moto huko chini hakuna wa kuziona mapema. Unaibeba mwenyewe. Mpaka wati-saa 100 huhitaji kibali kwa kawaida. Ile ya mAh 20,000 ni kama 74, uko salama.

Boksi linaweza kufunguliwa na wakaguzi, ni haki yao. Kwa hiyo usilifunge kama kaburi la Farao. Tulibandika karatasi juu, kwa Kiingereza na Kiswahili, inayosema ndani kuna TV, kioo kinatazama upande huu, tafadhali rudisha mbao kama zilivyokuwa. Na roli dogo la utepe tukalibandika palepale. Tulipofika, utepe ulikuwa umetumika. Aliyefungua alifunga vizuri kuliko sisi. Popote ulipo, ndugu, asante.

Kama huna boksi la kiwandani, maduka ya vifaa vya kuhamia nyumba yanauza maboksi ya TV. Ila bila yale mapande meupe kazi ni ngumu zaidi. Ifunge blanketi laini kwanza, kisha hakikisha uzito wote unaangukia kwenye fremu, kioo kisiguse chochote kigumu. Mtu akikwambia aliilaza kati ya magodoro mawili kwenye sanduku na ikafika, mwamini, lakini usimfuate.

Kwenye kaunta usiiachie iende na mkanda kama begi. Omba ipelekwe sehemu ya mizigo mikubwa na dhaifu, kule wanapokabidhi gari za watoto na baiskeli. Mara nyingi unaipeleka mwenyewe, unampa mtu mkononi, unamwangalia usoni. Haikuhakikishii kitu, hasa ukiwa na ndege ya kuunganisha, maana huko katikati itapakuliwa na kupakiwa tena na watu ambao hawajakuona. Lakini inapunguza maporomoko. Kikaratasi kilikuja tena. Safari hii nilikisoma chote, nikakipiga picha, nikasaini. Ningegoma wangeweza kuukataa mzigo, na mimi nilikuwa na Bibi anayesubiri.

Dar, halafu barabara

Ukishuka, usitoke ukumbini kabla hujafungua boksi. Najua umechoka. Najua shangazi wako nje wanapunga mikono. Fungua, mulika kioo kwa tochi ya simu kwa mshazari. Ukiona chochote, hata boksi likiwa limebonyea tu, nenda kaunta ya mizigo waandike ripoti, upewe nakala yenye namba. Lakini kumbuka ya kwanza yetu: ufa wa ndani hauonekani mpaka iwake. Kwa hiyo kipimo cha kweli ni kuiwasha siku hiyohiyo au inayofuata, ukiwa bado ndani ya zile siku saba.

Ila usiiwashe papo hapo. TV imetoka kwenye tumbo la ndege lenye baridi, imeingia kwenye joto la pwani lenye unyevu. Inatoa jasho, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji, na maji hayo yako mpaka kwenye bodi. Iache saa kadhaa ikiwa nje ya plastiki.

Forodha nilipita upande mwekundu, nikatoa risiti, nikakadiriwa, nikalipa, nikapewa stakabadhi. Bei iliyo kwenye risiti ndiyo inayokupa pa kuanzia, bila risiti mtakuwa mnabishana juu ya hewa.

Iliyobaki ni kilomita 350 hivi za basi, na hiyo ndiyo iliyokuwa inaninyima usingizi kuliko ndege. Stendi ya Magufuli, Mbezi, kondakta akaniambia TV iingie kwenye buti. Nikachungulia buti: magunia, ndoo, pikipiki moja imelazwa. Nikamuuliza kiti ni shilingi ngapi. "Dada, si umeshakata tiketi?" Nikamwambia cha pili. Akaangalia boksi, akaniangalia, akaandika tiketi, na sehemu ya jina la abiria akaandika "TV."

Ikakaa dirishani, wima, imefungwa mkanda na kanga ya Mama. Mimi korido. Chalinze mama mmoja aliyepanda akaniuliza kama mwenzangu anashuka karibu. Muheza basi liliposimama wauza machungwa wakanyoosha mabakuli dirishani, mmoja akaliambia boksi, "Karibu machungwa, bosi." Basi zima likacheka mpaka Pongwe.

Kwa wasomaji wa Marekani, neno moja kabla sijafika nyumbani. Huko kwenu umeme ni volti 120, kwetu ni 230 au 240. TV nyingi mpya zinakubali yote, soma nyuma yake: ikiandikwa 100–240V uko sawa, unahitaji plagi tu. Ikiandikwa 120V peke yake, iache. Pia antena ya TV ya Marekani haishiki matangazo ya kwetu, mfumo ni tofauti, itabidi utumie king'amuzi. Wa Uingereza na Oman plagi yenu ya pini tatu za bapa inaingia moja kwa moja Kenya, na sehemu nyingi Tanzania. Popote ulipo, nunua na kile kidude cha kulinda TV umeme unapokatika na kurudi kwa kishindo. Kinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme.

Tuliifungua saa kumi alasiri, tukaiacha ipumue mpaka baada ya Isha. Nyumba ilijaa. Mjomba akaitoa ile ya zamani chini ya kitambaa, safari hii Bibi akakubali imwendee fundi. Kitambaa akabaki nacho mapajani.

Nikawasha. Nilikuwa nimefumba macho, nikasikia binamu yangu anasema, "Safi." Hakuna doa. Nikaunganisha simu, nikapiga Reading. Ikaita, ikaita, halafu sura ya Mama ikajaa ukuta.

Hakuna aliyesema kitu. Bibi akasogeza kiti mpaka magoti yakakaribia kugusa meza. Akamtazama mwanawe kwa muda mrefu, kichwa amekiinamisha upande wa jicho zima.

"Mbona umekonda?"

Mama akaanza kusema hajakonda, ni taa, ni kamera, sauti ikamkatikia njiani. Mdogo wangu akaingiza kichwa nyuma yake.

"Na huyo," Bibi akasema, "mwambie asogee. Nimemwona. Nywele hizo akanyoe."